Folda za Diski C Zisizo na Mwenyewe Mmoja

Diski C inapokaribia kujaa, Windows huugeuza ule mstari wa buluu kuwa mwekundu, na mwenye kompyuta huanza kutafuta mchawi. Anapekua folda moja baada ya nyingine, anatazama ukubwa wake, na mara anakutana na jina asilolijua: WinSxS, ndani ya folda ya Windows. Inasomeka gigabaiti kumi, pengine zaidi. Jirani yake ni System32, yenye maelfu ya mafaili ambayo majina yake hayaelezi chochote. Yeye hakuweka hata moja. Kwa laptopu ya mtumba yenye diski ya gigabaiti 128, gigabaiti kumi si haba, na kitufe cha kufutia hakiko mbali.

Kabla hajakibonyeza, ana maswali mawili ya kujiuliza, kila moja kwa wakati wake: folda hii inakula nafasi kiasi gani hasa, na nani anaitumia? Kwenye folda za pamoja za mfumo, Windows hulijibu swali la kwanza visivyo, na la pili hailijibu kabisa. Hapo ndipo mafundi wengi, achilia mbali watumiaji wa kawaida, hupotea njia.

Tuanze na sababu ya folda hizo kuwepo. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia disketi, zilizopewa herufi A na B. Diski ngumu ilipokuja na modeli ya XT mwaka 1983, ikiwa na megabaiti 10, ilichukua herufi iliyofuata, na hadi leo C ndiyo diski ya kuwashia kompyuta nyingi za Windows. Zama hizo programu ilijitegemea. Ilikuja na kila ilichohitaji, ikakaa kwenye folda yake, na ukiifuta folda umeifuta programu. Windows ilivunja mpango huo. Kila programu ya Windows inahitaji kuchora dirisha, kuonyesha menyu, kupeleka kazi kwenye printa, kumwonyesha mtumiaji mahali pa kuhifadhi faili. Haikuwa na maana kila mtengenezaji aziandike upya kazi hizo na kila programu ibebe nakala yake. Zikawekwa kwenye maktaba, yaani mafaili yenye mkia wa .dll, mahali pamoja ambapo programu yoyote ingeweza kuziita. Kompyuta za enzi za Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992, zilikuwa na megabaiti chache tu za kumbukumbu. Maktaba moja ikishapakiwa humo, programu kadhaa ziliitumia kwa pamoja, na kumbukumbu ikatosha.

Tatizo likaja kwenye haki ya kuandika. Folda ya pamoja wakati huo iliitwa System, nayo haikuwa na mlinzi. Programu yoyote iliyosakinishwa iliweza kuingiza humo toleo lake la maktaba na kulifuta lililokuwepo. Ukisakinisha programu ya kuchapa barua leo, inakuja na toleo la zamani la maktaba fulani, inalibandika juu ya toleo jipya, na kesho programu ya hesabu iliyokuwa ikilitegemea toleo jipya haifunguki. Mwenye kompyuta anailaumu programu ya hesabu, ambayo haikufanya kosa lolote. Wahandisi wa miaka ya 1990 waliibatiza hali hiyo jehanamu ya DLL, na aliyewahi kukesha akisakinisha Windows upya kwa ajili ya printa hatalibishia jina hilo.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Kwenye rejista ya Windows kuna orodha iitwayo SharedDLLs. Programu inaposakinishwa na kuweka au kukuta maktaba ya pamoja, inatakiwa kuongeza moja kwenye hesabu ya maktaba hiyo. Inapoondolewa, inapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, maana yake hakuna anayeihitaji tena, na inaweza kufutwa. Waliotumia Windows 95 na 98 watakumbuka kile kidirisha kilichotokea katikati ya kuondoa programu, kikieleza kuwa faili fulani la pamoja halitumiwi tena na programu yoyote, kisha kikauliza: nilifute? Swali lilikuwa la ajabu. Kompyuta yenye hesabu ilikuwa inamwuliza binadamu asiye na hesabu. Sababu ni kwamba hesabu yenyewe haikuaminika. Programu nyingine zilinakiliwa tu kutoka disketi bila kusajiliwa, nyingine zilitumia maktaba zilizozikuta bila kuongeza chochote kwenye orodha. Sifuri ilimaanisha kwamba waliojiandikisha wameisha; wasiojiandikisha walikuwa bado wamo. Aliyejibu hapana alibaki na faili la kilobaiti chache. Aliyejibu ndiyo aliingia kwenye bahati nasibu.

Dawa ya pili ilikuwa ulinzi. Windows 2000 iliweka akiba ya mafaili muhimu katika folda iliyofichwa, na programu ikiligusa faili la mfumo, Windows ililirudisha la asili kimyakimya. Dawa ya tatu, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001, ndiyo iliyozaa WinSxS: badala ya matoleo kugombania nafasi moja, kila toleo la maktaba lilipewa chumba chake, na programu ikaeleza inataka lipi. Tangu Windows Vista, folda hiyo ikawa kitu kikubwa zaidi. Ikageuka ghala la mfumo mzima. Karibu kila sehemu ya Windows, pamoja na matoleo yaliyoletwa na masasisho na yale yaliyopitwa, inahifadhiwa humo.

Sasa turudi kwenye zile gigabaiti kumi. Mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao Windows inautumia, NTFS, unaruhusu faili moja kuwa na majina zaidi ya moja, kila jina likiwa katika folda tofauti. Data iko mahali pamoja kwenye diski. Majina ni viingilio tu vya kuifikia. Juma ni baba Asha kwa majirani, mjomba kwa watoto wa dada yake, na mwalimu kwa wanafunzi. Ukiandaa chakula kwa kuhesabu majina utapika sahani nne kwa mtu mmoja. Mafaili mengi unayoyaona System32 ndiyo hayohayo yaliyomo WinSxS, kwa jina la pili. File Explorer inapojumlisha ukubwa wa folda, huhesabu kila jina kama faili kamili. Ikipita System32 inalihesabu. Ikipita WinSxS inalihesabu tena. Jumla inayoonyeshwa ni ya majina, na diski haijaliwa kiasi hicho.

Microsoft ina mfano katika nyaraka zake unaofaa kutazamwa kwa makini. Kwenye kompyuta ya mfano huo, File Explorer ilisema ghala lina GB 4.98. Ukubwa halisi ulikuwa GB 4.88. Lakini ndani ya hizo, GB 4.38 zilikuwa mafaili yanayotumiwa na Windows yenyewe wakati huohuo, ambayo yangekuwepo hata kama folda ya WinSxS isingekuwepo. Akiba ya matoleo ya zamani na vipengele vilivyozimwa ilikuwa megabaiti 507 hivi. Kwa maneno mengine, aliyekuwa anaota kuokoa gigabaiti tano alikuwa na nusu gigabaiti tu ya kujadili, na hata hiyo haikuwa takataka: ndiyo inayokuwezesha kurudi nyuma sasisho likileta balaa.

Hesabu hiyo kila mtu anaweza kujifanyia, kuanzia Windows 8.1 kwenda mbele. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, kisha andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

Baada ya dakika kadhaa utapata mistari ileile: ukubwa unaoripotiwa na File Explorer, ukubwa halisi, sehemu inayotumiwa pamoja na Windows, akiba, na mwisho ushauri kama usafishaji unahitajika au la. Ukihitajika, badilisha neno la mwisho liwe /StartComponentCleanup. Windows ina kazi yake ya kujisafisha ambayo huyaacha matoleo yaliyopitwa yakae siku 30 kabla ya kuyaondoa. Ukiiandika amri hiyo kwa mkono, haisubiri. Kuna nyongeza ya /ResetBase ambayo mafundi wengine huiweka kwa mazoea kwa sababu inaokoa zaidi. Waiweke wakijua kwamba baada yake masasisho yaliyopo hayawezi kuondolewa tena. Kwenye kompyuta ya mteja, hilo ni jambo la kumwambia kwanza.

System32 ina kitendawili chake. Jina hilo lilizaliwa na Windows NT mwaka 1993, ambapo namba 32 ilimaanisha programu za biti 32, kuzitofautisha na za biti 16 zilizobaki kwenye folda ya System. Zilipokuja Windows za biti 64, mtu angetarajia folda mpya yenye namba 64. Ipo, inaitwa SysWOW64, ila ndiyo yenye mafaili ya biti 32. Ya biti 64 yako System32. Majina yamepishana na yaliyomo, na haikutokea kwa bahati mbaya. Maelfu ya programu zilikuwa zimeandikwa na njia ya System32 ndani yake. Mtengenezaji alipoitafsiri programu yake kwenda biti 64, njia hiyo iliendelea kufanya kazi bila kubadilishwa herufi. Na programu ya biti 32 inapoomba kitu System32, Windows huipeleka SysWOW64 bila kuiambia.

Ndiyo maana unaweza kuliona faili kwa macho yako ndani ya System32, halafu programu ya zamani ikakuapia kwamba halipo. Nyote wawili mnasema kweli. Mnatazama folda mbili tofauti kwa jina moja. Kuanzia Vista kuna mlango wa pembeni uitwao Sysnative, ambao programu ya biti 32 huutumia kuifikia System32 halisi. File Explorer haiuonyeshi, kwa sababu si folda iliyoko kwenye diski. Wapo pia wanaoidhania SysWOW64 kuwa mabaki ya Windows ya zamani, kwa sababu ya sura ya jina lake. Ukiiondoa hiyo, programu zote za biti 32 zinazimika, na bado ziko nyingi, hasa za uhasibu, za mashine za risiti na za printa.

Kelele nyingi huishia kwenye WinSxS na System32, lakini usumbufu wa kila siku huzaliwa kwenye nyingine ambazo hazizungumzwi. Program Files, na pacha wake mwenye mkia wa x86, zinatunza programu kwa ajili ya watumiaji wote wa kompyuta. Mtumiaji wa kawaida anasoma, haandiki. Data ambayo programu inaihitaji kwa watumiaji wote inakaa ProgramData, ambayo imefichwa. Mafaili ya watu wenyewe kwa wenyewe, kama picha wanazotaka kugawana, yana folda ya Public ndani ya Users. Mpango ni mzuri. Shida ni programu zilizoandikwa kabla yake, zenye mazoea ya kuhifadhi data hapohapo zilipokaa.

Vista ilipofunga mlango wa Program Files, programu hizo zingekufa zote. Windows ikafanya ujanja. Programu ya zamani ya biti 32 ikijaribu kuandika Program Files bila haki, Windows huiambia imefanikiwa, kisha inaliweka faili kwenye folda binafsi ya mtumiaji, VirtualStore, ndani ya AppData. Programu ikirudi kusoma, inapewa lile la VirtualStore. Sasa chukua duka lenye kompyuta moja na makarani wawili, kila mmoja na akaunti yake. Wa asubuhi anaingiza mauzo, anafunga. Wa jioni anafungua programu ileile na haoni kitu cha asubuhi. Kila mmoja ana daftari lake bila kujua, na mwenye duka anaanza kuwashuku watu wake. Hakuna aliyeiba. Fundi akijua pa kuangalia, atayakuta madaftari mawili ndani ya dakika tano. Asipojua, atasakinisha programu upya na kuwaachia tatizo lilelile.

Kuhusu ulinzi, tangu Vista mafaili mengi ya mfumo yanamilikiwa na akaunti iitwayo TrustedInstaller. Hata msimamizi wa kompyuta akijaribu kuyafuta anakataliwa. Mtandaoni kuna video chungu nzima za kufundisha namna ya kunyang'anya umiliki huo. Zinafanya kazi, na hapo ndipo palipo na hatari: kufuli linakwambia kwamba mabadiliko humo yanatakiwa kupitia kwa yule anayeijua hesabu, na ukilivunja hesabu inabaki kusema uongo.

Watu wamewahi kuyafuta mafaili haya kwa hiari yao hata bila video. Mwaka 2001 barua pepe zilizagaa zikidai kwamba faili la sulfnbk.exe ni kirusi, na mwaka uliofuata zikaja nyingine kuhusu jdbgmgr.exe, lenye ikoni ya dubu mdogo. Barua zilimwambia msomaji alitafute faili hilo, alifute, na kuwatahadharisha wenzake. Yeyote aliyetafuta alilipata, kwa sababu yote mawili yalikuwa mafaili halali ya Microsoft yaliyoletwa na Windows yenyewe. Kulipata kukawa ndio ushahidi. Kirusi hakikuwepo, barua ilimfanya msomaji aifanye kazi ya kirusi kwa mkono wake.

Kinyume chake kilitokea Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili jipya la maelekezo kwa programu yake. Faili lilishukia ndani ya System32, kwenye folda ya drivers. Lilikuwa na tofauti ndogo mno: lilitarajia vipengele 21, programu ikatoa 20. Kwa kuwa programu hiyo hupakiwa mapema kabisa kompyuta inapowaka na hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows, kuanguka kwake kuliangusha mfumo mzima. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikakutana na faili lilelile, ikaanguka tena. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Faili baya liliondolewa kwenye usambazaji baada ya dakika 78, lakini kwa mashine zilizokwishalipokea na kukwama, dawa ilikuwa kuziwasha katika hali salama, kuingia kwenye folda hiyo na kulifuta kwa mkono faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291. Siku hiyo, kufuta kitu ndani ya System32 kulikuwa sahihi, kwa sababu mwenye faili alijulikana, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja kwa jina.

Isidhaniwe kwamba ukubwa wa kila folda ya mfumo ni kiinimacho. Folda ya Installer iliyofichwa ndani ya Windows hutunza nakala za vifurushi vya usakinishaji na viraka vyake, na gigabaiti zake ni za kweli. Inakua hasa kwenye kompyuta zenye matoleo ya zamani ya Microsoft Office yaliyosasishwa kwa miaka. Ukiifuta, siku hiyo hakuna kitakachotokea. Utasifiwa kwa kuokoa nafasi. Miezi kadhaa baadaye Office inataka kujitengeneza, au unataka kuiondoa, na Windows inakuomba kifurushi ambacho wewe ndiye uliyekitupa. Folda hii ni mbaya kuliko zote kwa sababu adhabu yake huchelewa, na anayeipata mara nyingi si yule aliyefuta.

Nafasi iliyopotea ni ya kutafutwa kwingine. Baada ya sasisho kubwa, Windows ya zamani hubaki kwenye Windows.old kwa siku 10 kisha huondolewa. Kama una haraka, iondoe kupitia ukurasa wa hifadhi kwenye mipangilio. Faili la hiberfil.sys kwenye shina la diski C huhifadhi yaliyomo kwenye kumbukumbu kompyuta inapolala usingizi mzito, nalo hufika gigabaiti kadhaa. Amri ya powercfg /h off inaliondoa. Binafsi siishauri kwa laptopu yenye betri iliyochoka katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, kwani faili hilo ndilo linaloiokoa kazi yako betri inapokata roho. Mafaili ya muda, pipa la takataka, folda ya vilivyopakuliwa, video zilizoingia kwa WhatsApp: hivyo vina mwenyewe mmoja, na mwenyewe ni wewe. Vifute bila kuomba ruhusa.

Kuhusu WinSxS, lawama kubwa haimstahili fundi wala mwenye laptopu. Microsoft inajua tangu siku za Vista kwamba File Explorer inajumlisha majina badala ya data, imeandika hivyo kwenye nyaraka zake, imetengeneza na amri ya kupima sawasawa, kisha ikaificha amri hiyo kwenye dirisha jeusi ambalo watumiaji wengi hawatalifungua maishani mwao. Namba ya uongo imeachwa mahali ambapo kila mtu anaangalia. Mpaka waibadilishe, ukiletewa kompyuta yenye mstari mwekundu, anza na DISM. File Explorer iache kwa ajili ya folda za mteja mwenyewe.